Tathmini: Maelezo ya Mtandaoni kuhusu Maumivu ya Unyayo na Kifundo cha Mguu

Kurasa nyingi zinazozungumzia maumivu ya unyayo na kifundo cha mguu hazisemi uongo mtupu. Kasoro yake kubwa ni kwamba humchukulia kila msomaji kuwa na tatizo dogo, wala hazimwelezi ni wakati gani aache kusoma akamwone daktari.

Tuchukue mguu ulioteguka. Tangu mwaka 1992 madaktari wanazo Kanuni za Ottawa, ambazo kwazo mwenye maumivu ya kifundo asiyeweza kupiga hatua nne, baada tu ya kuumia na hata anapofika kwa daktari, au anayeumia akibonyezwa ukingo wa nyuma wa mifupa miwili inayochomoza kando ya kifundo, anastahili kupigwa eksirei. Hakuna kigumu hapo kwa msomaji wa kawaida, lakini waandishi wengi huliruka jambo hilo na kukimbilia barafu na bandeji. Hata hiyo barafu ina mjadala: Gabe Mirkin, daktari wa Marekani aliyeieneza mwaka 1978 kanuni ya RICE (kupumzika, kuweka barafu, kufunga bandeji na kuinua mguu), baadaye alikiri kwamba barafu inaweza kuchelewesha kupona.

Alama za juu naupa ukurasa wa NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, kuhusu maumivu ya mguu. Sentensi zake ni fupi, tarehe ya kupitiwa upya imewekwa wazi, na dalili za kumpeleka mtu kwa daktari, zikiwamo ganzi na maumivu yasiyopungua baada ya wiki mbili za kujitibu nyumbani, zimetengwa mahali pake. OrthoInfo, ya madaktari wa mifupa wa Marekani, ina michoro bora zaidi na maelezo ya kina kuhusu upasuaji, ila lugha yake humchosha asiye na elimu ya tiba.

Wanaoshika mkia ni wauzaji. Huahidi kwamba kifaa cha kuvaa usiku kitakinyoosha kidole gumba kilichopinda, ilhali vifaa hivyo hupunguza maumivu tu kwa baadhi ya watu na havirudishi mfupa mahali pake. Hatari zaidi ni ushauri wa kuloweka miguu katika maji ya moto unaotolewa bila kumtaja mgonjwa wa kisukari, ambaye kwa sababu ya ganzi anaweza kuungua asihisi. Onyo la kumwona daktari lipo, naam, kwa herufi ndogo chini ya kitufe cha kununua.