Programu za kuseti mtandao zinavyoonyesha maski: zipi zinafaa, zipi zinatesa

Wakuu, mi nafunga kamera na waifai hapa Tanga, magesti ya Raskazone, maduka ya Ngamiani, kwa hiyo maski za anwani, zile namba zinazoonyesha mtandao umekatwa vipande vya ukubwa gani, ndo naishi nazo. Leo siongelei spidi wala bei, naongelea kitu kimoja tu, ukichomeka laptopu hiyo programu inakwambiaje mtandao unaanzia wapi na unaishia wapi.

Kwenye Linux achana na ifconfig, piga ip addr. Inakuandikia 192.168.10.70/26, anwani na maski pamoja, ukitupa jicho umemaliza. Mtindo huu wa mkwaju ulikuja na CIDR, utaratibu wa kugawa anwani za intaneti, mwaka 1993 na mpaka leo sijaona unaoushinda. ipconfig ya Windows maski hiyohiyo inakupa kama 255.255.255.192 kwenye mstari wake, inasomeka, ila 192 inabidi uitoe kwenye 256 upate 64 ndo ujue kipande kina ukubwa wa anwani ngapi. Sasa Mac, ukipiga ifconfig inakutolea 0xffffffc0, maski ileile ila kwa heksa, yaani namba za msingi wa 16, jamani ya nini hii? Fundi yuko juu ya ngazi, jua la saa nane, mwenye gesti anapiga simu kila saa, halafu aanze kugeuza heksa!

Gesti moja kuna mtu aliseti kamera ya geti 192.168.10.130, rikoda iko 192.168.10.70, maski 255.255.255.192 kote kote, picha haiji. Kijana kabadilisha waya, kabadilisha konekta, wapi. Maski ile ukiiangalia ilivyo haikwambii kuwa 130 iko kipande kingine kabisa, kwa sababu kipande cha rikoda kinaanza 65 kinaishia 126, na 127 ni brodikasti, anwani ya kutangazia wote. Ukurasa wa rikoda ungeandika tu "65 hadi 126" chini ya kile kiboksi cha maski, kijana angeona palepale na waya asingeugusa.

Ndo maana naipenda sana ipcalc, programu ndogo ya kupiga hesabu za maski, unaipa 192.168.10.70/26 inakupa vyote, mwanzo, mwisho, brodikasti, mpaka 0.0.0.63, ile maski iliyogeuzwa, ya wale wanaoandika akseslisti za Cisco, orodha za kuruhusu na kuzuia. Hayo yalitakiwa yawe ndani ya kila ruta, /26 mbele, chini yake mwanzo na mwisho, ile ya nukta, 255.255.255.192, ibaki kwa anayeitaka na heksa ifichwe mpaka mtu aiombe. Na kwenye kujaza ipokee zote mbili, ila mtu akiandika 255.255.255.129 ikatae hapohapo, maana hiyo sio maski.

ip naipa nyota nne, ya tano naizuia mpaka ionyeshe mwanzo na mwisho. ipcalc tano. Hizi ruta za bei chee, kabla hujatoa hela mwambie muuzaji aiwashe, ingia ukurasa wa LAN, mtandao wa ndani, ukikuta menyu ya maski ina 255.0.0.0, 255.255.0.0 na 255.255.255.0 basi na hakuna pa kujaza yako, iache dukani, siku mteja akitaka wageni wawe kwao na ofisi kwao utakwama.