Wamefungua kabureta zote mbili, ugonjwa uko kwenye rota

Gereji imenitoza pauni 640 kutibu kabureta, vile vifaa vya kuchanganya mafuta na hewa, ambazo hazikuwa zinaumwa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalonichoma hadi leo.

Gari ni MGB ya 1971, gari la michezo la Kiingereza, ya kabureta mbili za aina ya SU. Gereji haiko mbali na Abingdon, mji ulikoundwa MGB hadi 1980, na bango lake linasema wanashughulika na magari ya zamani ya Kiingereza tu. Watu wa namna hiyo distributa ya Lucas, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, wanapaswa kuijua hata gizani.

Dalili zilikuwa wazi. Asubuhi linawaka bila shida, silensa imetulia. Baada ya dakika ishirini na tano hivi linaanza kumisi, kisha linazima. Liache nusu saa lipoe, linawaka kama halikuwa na lolote. Nilimweleza yule wa mapokezi hayo, nikaongeza kwamba balaa hili lilianza baada ya wao wenyewe kulifanyia sevisi. Hakuandika hata neno moja. Alinijibu akiangalia simu yake: "Petroli ya siku hizi inachemka ndani ya kabureta, bwana. Gari la umri huu utalizoea."

Sitalizoea. Ni kweli E10, petroli iliyochanganywa na ethanoli, iliingia vituo vya mafuta vya Uingereza mwaka 2021, na ni kweli ethanoli inakula mipira ya zamani. Lakini mafuta yanayochemka yana tabia zake. Gari hukohoa, nguvu inapungua kidogo kidogo, na mara nyingi hutokea kwenye foleni ambako upepo haufiki kwenye injini. Ukivuta choki kidogo linapata nafuu. Hili langu lilizimia barabara kuu, upepo tele, na choki haikusaidia kitu. Swali moja tu la fundi lingetosha kuyajua hayo.

Hawakuuliza. Wakachomoa plagi, wakazikuta nyeusi na zimelowa, wakahukumu kwamba mafuta ni mengi. Hapo ndipo walipopotea kabisa, na wanaopotea hapo ni wengi, kwa hiyo naomba lieleweke: silinda isiyopata moto wa plagi haichomi mafuta yake, na mafuta yasiyochomwa huilowesha plagi. Weusi ule ulikuwa matokeo ya moto kukosekana. Kwenye magari haya umeme unapimwa kwanza, kabureta baadaye, maana kugusa skrubu za SU kabla ya kuthibitisha moto ni kuongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Kipimo chenyewe hakifiki dakika kumi, ila sharti kifanyike gari likiwa limezima kwa joto. Likishapoa hutaona kitu.

Anza kabla hata hujasimama. Likizima ukiwa kwenye gia, usikanyage klachi. Acha magurudumu yaizungushe injini, utazame geji ya RPM, yaani ya kasi ya mzunguko wa injini. Geji hiyo inategemea umeme wa upande mdogo, yaani wa volti ndogo, wa koili, kifaa kinachokuza umeme wa plagi. Mshale ukianguka hadi sifuri papo hapo ilhali injini bado inazunguka, tatizo liko upande huo: kontakti pointi, kondensa, au ule waya mdogo ndani ya distributa unaokatikia ndani ya ganda lake kwa sababu kila mara unakunjwa na bamba linalosogea. Mshale ukiendelea kufuata mwendo wa injini, upande mdogo ni mzima. Kwangu ulifuata.

Simama, fungua boneti. Chomoa waya mkubwa wa koili kwenye kepu ya distributa, ushike kwa koleo yenye mpini wa plastiki, ncha iwe kama milimita 6 kutoka kwenye chuma cha injini, mtu mwingine apige stata. Cheche nene ya buluu inakwambia koili ni nzima. Niliiona, nene kabisa.

Basi kumebaki kepu, rota (kipande kinachozunguka chini ya kepu na kupeleka umeme kwa kila plagi kwa zamu) na waya za plagi. Ondoa kepu, rota ibaki mahali pake. Ncha ya ule waya mkubwa ilete milimita 3 juu ya shaba ya katikati ya rota, stata ipigwe tena. Rota nzima haitavuta cheche, kwa kuwa umeme hauna pa kwenda. Cheche ikiruka kwenda kwenye shaba, basi umeme unatoboa plastiki na kushuka kwenye shafti ya distributa. Yangu iliruka kila mara.

Sababu yake ni ribiti, msumari mfupi wa kubania. Rota nyingi mpya za bei rahisi zina shaba iliyobanwa kwa ribiti, na chini ya ribiti hiyo plastiki ni nyembamba mno. Ikipata joto inapitisha umeme, ikipoa inazuia tena. Rota isiyo na ribiti inapatikana kwa pauni chache. Niliyoiweka imeshapita safari ndefu kadhaa na gari halijazima hata mara moja.

Kwa haki niseme: kabureta walizifanya vizuri sana. Shafti za throto, vyuma vinavyozungusha milango ya hewa ya kabureta, zilikuwa zimelika na kuingiza hewa, sasa ni mpya. Ukiinua pistoni iliyo ndani ya kabureta ya SU chini kidogo ya milimita moja, RPM inapanda kidogo kisha inarudi, kama inavyotakiwa. Ingebaki juu, mafuta ni mengi, na injini ingezima, mafuta ni machache. Kabureta zote mbili zinavuta sawa. Kazi ile inastahili nyota tatu, pengine nne.

Nilikuwa nimeshaandika tatu. Kisha nikaisoma tena risiti ya ile sevisi ya kwanza, na humo imo: rota mpya, moja. Waliing'oa rota ya zamani iliyokuwa haina kasoro, wakaweka hii ya ribiti, kisha wakanitoza kutafuta ugonjwa walioupandikiza wao. Niliwapigia simu kuiulizia ile ya zamani. Yule yule wa mapokezi akasema rota hubadilishwa kila sevisi, ndio utaratibu, za zamani zinatupwa. Akakata simu nikiwa bado naongea.

Nyota moja. Pesa za shafti sizidai, zilihitajika. Za kutafuta ugonjwa nazidai zote, pamoja na rota yangu.