Dune au Sultana's Dream: uanze na kipi?

Barazani kwetu Ngamiani, hapa Tanga, kahawa ikishamiminwa na mazungumzo yakafika kwenye hadithi za kisayansi zenye harufu ya Uislamu, swali ni lile lile: Dune ya Frank Herbert (1965), au Sultana's Dream ya Rokeya Sakhawat Hossain (1905)?

Kwa gharama, Rokeya hana mpinzani. Hadithi yake ni fupi, ipo bure mtandaoni, na utaimaliza kati ya Adhuhuri na Alasiri. Dune ni tofali, na ukiliazimisha usitarajie kuliona tena.

Kwenye lugha, Dune inatupendelea. Mahdi, jihadi, Lisan al-Gaib: sisi wenye "ghaibu" yetu hatuhitaji faharasa ya mwishoni. Ila Herbert, Mmarekani asiye Mwislamu, aliokota maneno akayachanganya na Ubudha hata akapata "Zensunni". Jangwa lake na siasa za maji ni ustadi mtupu. Imani yenyewe naiona kama kanzu ya kuazima.

Rokeya, Mwislamu wa Bengali, aliandika akiyajua maisha ya utawani. Kwake wanaume ndio wanaotawishwa, huku wanawake wakivuna joto la jua na kuteka maji mawinguni. Mwaka 1905, jamani! Wahusika wake lakini ni wembamba, kazi yao kueleza tu.

Unayefundisha wasichana wa sekondari, chukua Rokeya. Mwenye likizo ndefu na hamu ya vita na fitina za ikulu, beba lile tofali.