Banda la gemu Mwananyamala, Dar: TV za kawaida, sheria kali

Kama unatafuta banda la gemu lenye AC na viti vya kuzunguka, hapa utaumia. Ni chumba kimoja kwenye uchochoro wa nyuma ya soko, mabenchi ya mbao, feni moja, mashine tatu za PlayStation 4 (PS4) za kuchezea mpira kwenye TV, na PS5 iliyokaa pembeni kama bwana harusi. Mechi ya PS4 ni shilingi 500, ya PS5 ni 1,000. Dakika nne nne kila kipindi, na anayefungwa ndiye anayelipa.

Mwenye banda ni mama wa makamo anayekaa mlangoni na deli la barafu za ubuyu. Gemu hajui, na TV anazipa mgongo. Lakini kesi zote anaamua yeye, na ndiyo maana nimeandika.

Chukua kesi ya pedi, kile kidude cha vitufe unachoshika mkononi kuchezea. Kila aliyewahi kufungwa anajua kwamba pedi ilikuwa mbovu. Mara nyingine ni kweli: kile kijiti cha kidole gumba kina vipande vinavyosuguana kwa ndani, vikilika mchezaji anaanza kutembea mwenyewe hata hujagusa kitu. Unamwona beki wako anaondoka taratibu kwenda kwenye kibendera cha kona, akiwa na mambo yake. Mabanda mengi hapo ndipo ngumi zinapoanzia. Huyu mama ameweka sheria moja tu: mapumziko, mnabadilishana pedi. Siku moja kijana alikuwa kashakula tatu, akaanza kulalamika kipindi cha pili. Mama hakugeuka hata shingo: "Pedi hiyo hiyo ndiyo mwenzio aliyokufungia, mwanangu. Lete mia tano."

Tangu hapo visingizio vimehamia kwenye vitufe. Sisi tuliokulia kwenye PES, gemu la mpira la enzi za PS2, tunapiga shuti kwa kitufe cha mraba. Kwenye FC 24, gemu linalochezwa hapa, lile la FIFA lililobadilishwa jina ila bandani bado ni FIFA tu, shuti ni duara, na mraba unapiga krosi. Kwa hiyo unamwona mtu mzima na ndevu zake, yuko yeye na kipa, anabonyeza mraba, mpira unapaa kwenda kwa watu ambao hawapo. Dawa ipo: kwenye mipangilio unaweza kubadili vitufe vikae kwa mtindo wa PES, na kijana anayemsaidia mama atakufanyia bila nongwa. Mwombe kabla hamjaanza, maana mkishaanza mpinzani wako hatakubali.

Sheria ya umeme nayo ina akili. Ukikatika kabla ya mapumziko, hakuna anayedaiwa. Ukikatika baada ya hapo, matokeo yanasimama. Matokeo yake ni kwamba dakika ya 60 anayeongoza anaanza kupasi nyuma huku akiitazama taa ya dari kwa matumaini. Timu? Wengi wanakimbilia PSG kwa sababu ya Mbappé, ambaye kwenye FC 24 bado ni wa PSG na amepewa 97 ya kasi. Hapa ukiichukua, mwenzio anaruhusiwa kuichukua pia, mnabaki mnakimbizana wenyewe. Simba na Yanga hazimo, msiulize.

Watu wananiuliza kwa nini nisicheze eFootball, gemu la mpira la kwenye simu, ya bure, nimelala kitandani kwangu. Nacheza sana tu. Ila kule ukimfunga mtu mbili, anazima data, anapotea, hata jina lake hulijui. Hapa anayetaka kukimbia lazima apite mlangoni kwa mama.

Mabaya sasa. Joto: saa kumi jioni, watu wamejaa, utadhani mmefungiwa ndani ya oveni ya mikate. Makocha: nyuma yako watasimama wanne wasiolipa hata senti, kila mmoja anakwambia "piga, piga!" kwa wakati wake. Na ile TV ya mwisho ukutani ina tatizo ambalo wengi wanadhani ni pedi. Unabonyeza shuti, mchezaji anatafakari kwanza. Ni TV yenyewe: inaisafisha picha kabla ya kuionyesha, na kazi hiyo inakula muda. TV nyingi za kisasa zina hali ya gemu kwenye mipangilio ya picha inayopunguza huo ucheleweshaji, na hii inayo. Nilimwonyesha yule kijana, tukaiwasha, ikawa nzuri. Niliporudi ilikuwa imezimwa, kwa sababu, nanukuu, "rangi zinapauka, bro."

Nyota nne. Ya tano ninaishikilia kwa ajili ya feni ya pili. Nenda asubuhi siku za kazi, beba chenji, maana mama hana chenji ya elfu kumi na hana mpango wa kuitafuta. Mwenye sare ya shule anarudishwa mlangoni hata akisema amemaliza mitihani. Na barafu ya ubuyu chukua mwanzoni; kufikia magharibi imebaki ya embe tu, na ya embe ina maji mengi.