Filimbi ile bado inalia masikioni mwangu

Saa za kufungua bustani na idadi ya malango sitawaambia. Hayo yote yako kwenye kibao kikubwa pale mlangoni, na kibao chenyewe ndicho kitu pekee mle ndani kilichopakwa rangi karibuni. Mimi nina habari ya mama yangu, goti lake, na kijana mmoja mwenye filimbi.

Mama anatembea, tena vizuri kuliko wengi wa umri wake, ila goti linamtaka aketi kila baada ya mwendo mfupi. Dakika tano, kisha twende. Ndiyo maana siku ile, si zamani sana, nilichagua bustani ya katikati ya jiji: njia tambarare, kivuli, na mabenchi. Mabenchi hayo nayakumbuka tangu utotoni. Kila baada ya miti mitatu minne lilikuwapo moja, la mbao, lenye mgongo wa kuegemea.

Na kweli, tulipoingia nilishusha pumzi. Huko nje lami ilikuwa inachoma mpaka unaisikia kwenye nyayo, lakini hatua chache ndani ya lango hewa ikawa nyingine kabisa. Kivuli peke yake hakifanyi hivyo. Mti unavuta maji ardhini na kuyatoa majanini kama mvuke, na mvuke ule huondoka na joto. Miti ikiwa mingi na mikubwa, ni kama mtu amekufungulia mlango wa chumba ambacho jua halijawahi kuingia. Mama akasema, "Hapa bado asubuhi," na ilikuwa saa nane mchana. Ningeulizwa wakati ule, ningetoa nyota zote tano na kuomba niongezewe nyingine nizitoe.

Kisha tukaanza kutafuta pa kukaa.

Benchi la kwanza lilikuwa limebaki miguu miwili ya zege, mbao zimekwenda. La pili lilikuwa zima, ila limezungushiwa utepe wa kukataza watu, na utepe wenyewe umepauka kwa jua. Kwa hiyo limekatazwa siku nyingi. La tatu lilikuwa alama tu ardhini. La nne lilikuwa na watu watano, mmoja wao amelala, na simlaumu, labda naye alilitafuta sana. Tulipofika bwawani goti la mama lilikuwa limeshatoa hukumu. Pembeni ya tuta la maua pana ukuta mfupi wa mawe, kimo cha kiti kabisa. Mama akashika mkongojo, akajishusha pale taratibu. Ua hata moja hakuligusa.

Priiii!

Filimbi. Watu wote wakageuka. Kijana mmoja aliyevaa sare akaja mbio kama anayefukuza mwizi. "Wewe! Toka hapo! Huoni kibao?"

Wewe. Kwa mtu anayeweza kumzaa mama yake. Salamu hakuna, "mama" hakuna, "samahani" ndiyo usiseme. Nikajikaza nikamwambia, "Mdogo wangu, mama anaumwa goti. Mpe dakika tano tu, tunaondoka." Akanijibu bila kunitazama: "Kama amechoka, akapumzike kwake."

Akapumzike kwake! Sasa bustani ni ya nini? Naapa kuanzia hapo kila kitu kiliniharibikia. Maua niliyokuwa nayasifu yakaonekana yamepandwa na mtu mwenye kinyongo. Bwawa likanuka. Hata bata niliona wananitazama kwa dharau, na bata hawana kosa lolote, najua.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja mtunza bustani, alikuwa anavuta mpira wa maji. Hakusema neno na yule kijana. Alimwaga maji yaliyokuwamo ndooni, akaigeuza, akaifuta kwa shati lake na kuiweka kivulini. "Keti, dada yangu," akamwambia mama. Nikamuuliza, hivi nyasi zote hizi, mbona watu wanakatazwa hata kukaa? Akanieleza kwa upole. Nyayo nyingi hushindilia udongo, nafasi za hewa zikabanwa, maji ya mvua badala ya kuzama yakateleza juu. Na mizizi midogo inayoulisha mti, alisema, haiko chini sana kama watu wanavyodhani. Mingi iko karibu na juu, hapo hapo tunapokanyaga. Kwa hiyo sehemu ile imepumzishwa.

Nikanywea. Nilikuwa nimeshapanga kichwani maneno makali juu ya sheria za kijinga, na kumbe sheria haikuwa ya kijinga. Hata Paris, kwenye bustani ya Luxembourg, sehemu kubwa ya nyasi huruhusiwi kukanyaga. Ila kule wamejaza viti vya chuma vya rangi ya kijani, unachukua chako unakihamishia unakotaka, juani au kivulini. Mtu amekunyima nyasi, lakini amekupa kiti. Hapa wamekunyima nyasi, ukuta na benchi, wakakupa filimbi.

Basi nilikuwa karibu kusamehe. Nilikuwa karibu kabisa. Ndipo wakaja maharusi.

Bwana harusi, bibi harusi, wasindikizaji wamevaa viatu vya visigino virefu kama misumari, na wapiga picha wawili na taa zao. Wakaingia moja kwa moja kwenye nyasi zile zile zilizopumzishwa. Na nani anawasafishia njia? Kijana wetu. Anatabasamu! Kumbe meno anayo! Nikamfuata. "Hizi nyasi si zimepumzika?" Akasema, "Hawa wana kibali." Nikamuuliza kama kibali kinapunguza urefu wa visigino. Hakunijibu, akapuliza filimbi, safari hii kwa mtoto aliyekuwa anakimbiza mpira. Mzee wa ndoo aliangalia pembeni, akaendelea kumwagilia.

Nilikwenda ofisi ya langoni kulalamika. Wakanipa daftari la maoni. Lilikuwa na uzi wa kufungia kalamu, kalamu haikuwapo.

Usiku nikiwa na hasira zangu nikasoma habari za bustani za miji. Birkenhead, Uingereza, walifungua bustani mwaka 1847, ikajengwa kwa fedha za umma ili iwe ya umma. Mwaka 1850 Mmarekani mmoja, Frederick Law Olmsted, akapita pale, na kilichomgusa ni kuona maskini na tajiri wanaifaidi sawasawa. Miaka michache baadaye yeye na Calvert Vaux wakabuni Central Park ya New York. Nilisoma nikajisemea, laiti angemwona mama amekalia ndoo.

Kwa hiyo nyota moja. Hapana, mbili, ya pili ni ya miti. Mzee yule naye nampa ya kwake, basi tatu, ila msihesabu hiyo kuwa ya uongozi, maana nina hakika ndoo ile aliinunua mwenyewe. Nikikumbuka "akapumzike kwake" nashuka tena hadi moja. Chagueni wenyewe.

Mama hakukasirika hata kidogo, na hilo nalo linanikera. Tangu siku ile ananiuliza tunarudi lini, anataka ile hewa ya asubuhi. Ameshatoa kigoda chake stoo, kakifunga kamba ya kubebea begani, kakiweka mlangoni. Mimi kile kibao sikukisoma mpaka mwisho. Kama vigoda navyo vimekatazwa, mtanisikia tena.