Probayotiki za kununua Mwanza: nimezipanga sita, ya kwanza hadi ya mwisho

Nilipofungua lile kopo, kapsuli zilikuwa zimeshikana zikawa bonge moja, kama kashata. Nililinunua kwenye duka moja la katikati ya mji, mchana wa jua kali, likiwa limepangwa kwenye rafu ya kioo inayotazama barabara. Lebo ilisema kwa maandishi ya kutafuta kwa miwani: hifadhi chini ya nyuzi 25. Nilikuwa nimemuuliza muuzaji, "Dada, hizi si zinatakiwa kukaa kwenye friji?" Akanijibu macho yakiwa kwenye simu, "Hazina shida mama, wengi wanachukua." Nikachukua. Mama mkwe akazimeza hizohizo, tukizibandua moja moja kwa ncha ya kisu, mwezi mzima. Choo kikabaki kigumu vilevile, na kila asubuhi akawa ananitazama kama mtu aliyeletewa dawa feki na mkwewe.

Tangu siku hiyo nasoma lebo kama hati ya kiwanja. FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, walishatoa maana ya probayotiki mwaka 2001: ni viumbe hai wadogo ambao wakitumiwa kwa kiasi cha kutosha humpa mtumiaji faida ya kiafya. Ondoa neno "hai" hapo na ulichonunua ni unga. Sasa lifikirie kopo lenyewe. Limetoka kiwandani ng'ambo, limekaa bandarini Dar es Salaam, limepanda lori au buti la basi zaidi ya kilomita 1,000 mpaka stendi ya Nyegezi hapa Mwanza, limebebwa na bodaboda juani, kisha likawekwa kwenye rafu ya kioo. Bakteria wengi wa jamii ya Lactobacillus hawaipendi safari ya namna hiyo. Joto na unyevu huwapunguza kimyakimya, na kwa nje kapsuli inaweza kuonekana nzima kabisa. Kwa hiyo nimezipanga kwa maswali mawili: itafika ikiwa hai? Na unainunua kwa kazi gani hasa?

Kabla hujatoa hela, jambo moja la watu wa ziwani. Tumbo linalosokota kwa miezi, choo chenye damu, mtoto anayevimba tumbo na kuchoka: huku kwetu lazima kichocho kifikiriwe. Kichocho cha tumbo, kinachoenezwa na konokono wa majini, kimejaa ukanda wote wa Ziwa Victoria, na anayeoga, kufua au kuvua ziwani yuko kwenye hatari. Dawa yake ni prazikwanteli, na hakuna probayotiki duniani inayomuua mnyoo anayekisababisha. Vivyo hivyo homa ya matumbo, na vidonda vya tumbo vya bakteria H. pylori. Nenda kapime choo kwanza. Nimeona watu wakizunguka na makopo ya bei mbaya mwaka mzima kwa tatizo ambalo kipimo kimoja cha choo kingelitaja.

1. Mtindi hai

Najua ulitegemea kopo. Lakini kwa familia ya kawaida isiyo na ugonjwa maalumu, inayotaka tu tumbo litulie, hela yangu inaanzia hapa. Mtindi haujasafiri mbali, unaliwa na nyumba nzima, una protini na kalsiamu, na hata wale ambao maziwa mabichi huwajaza gesi wengi huuvumilia, kwa sababu bakteria wake wameshakula sehemu ya sukari ya maziwa.

Si kila mtindi ni sawa, hata hivyo. Ule uliogandishwa kisha ukapashwa moto ili ukae miezi nje ya friji umekufa. Ni chakula kizuri, lakini usiuite probayotiki. Na ule wa maziwa yasiyochemshwa, yanayogandia kwenye kibuyu, una hatari ya brusela na kifua kikuu cha ng'ombe. Wazee wetu wa Kisukuma wamekunywa hivyo vizazi na vizazi, na huwezi kubishana nao mezani, ila mtoto wangu simpi. Chemsha maziwa, yapoe yawe vuguvugu, ndipo uweke mbegu, yaani kijiko cha mtindi hai.

Mwanza ina historia yake hapa, na sijui kwa nini hatuitangazi. Mwaka 2004, kina mama wa kikundi cha Tukwamuane, Mabatini, walianza kutengeneza mtindi wenye bakteria aliyechaguliwa maabara, Lactobacillus rhamnosus GR-1. Walifanya kazi hiyo pamoja na Chuo Kikuu cha Western cha Kanada, shirika la haki za wanawake la Kivulini na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, ya hapa Mwanza. Mtindi wa namna hiyo ukajulikana kwa jina la Fiti. Ukiukuta jikoni kwa kikundi, uliotengenezwa karibuni, kwenye friji inayofanya kazi, chukua bila kusita. Ila usinunue kwa ahadi za uponyaji. Ni chakula chenye bakteria mwenye jina, na hilo tayari ni zaidi ya yanayosemwa kwenye makopo mengi.

Togwa nayo inaingia kundi hili. Uji wa mtama au mahindi uliochachuka una bakteria wa asidi wanaowabana vijidudu vya kuharisha, mradi maji yawe salama na chombo kiwe kisafi. Ile ya ndoo isiyofunikwa kando ya barabara, pita.

2. Saccharomyces boulardii, kwa wanaomeza antibayotiki

Huyu si bakteria. Ni jamii ya hamira, ndugu wa hamira ya mkate. Mfaransa Henri Boulard alimpata miaka ya 1920 huko Indochina, baada ya kuona wenyeji wakati wa kipindupindu wakitumia maganda ya matunda ya laichi na mangostini. Kwa kuwa ni hamira, antibayotiki hazimgusi. Unaweza kummeza pamoja na amoksilini au dozi ya vidonda vya tumbo bila kuhesabu saa, na akiwa amekaushwa vizuri anavumilia rafu ya kawaida kuliko wengi.

Ushahidi wake ni wa kueleweka. Uchambuzi uliotoka mwaka 2015, uliokusanya majaribio 21, ulionyesha kwamba kati ya watu 100 wanaotumia antibayotiki, wanaoharisha walishuka kutoka karibu 19 hadi karibu 9. Kwa mtu anayeanza ile dozi ya siku 14 ya H. pylori, ambayo wengi huiacha njiani kwa sababu tumbo linawachafuka, hapa hela inafanya kazi. Kipimo cha kawaida cha mtu mzima ni miligramu 250 mara mbili kwa siku, tangu siku ya kwanza ya dozi.

Tahadhari mbili. Ukiwa unatumia flukonazo au dawa nyingine ya fangasi ya kumeza, inaweza kumzuia au kumuua. Na mgonjwa aliyelazwa akiwa na mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu, au ambaye kinga yake imeshuka sana, asipewe: hamira hii imewahi kuingia kwenye damu za wagonjwa wa namna hiyo.

Nisisitize kidogo: simaanishi kwamba sasa uko huru kununua antibayotiki kila tumbo likiuma. Ile tabia ya kwenda duka la dawa na kusema "nipe Flagyl na sipro" bila cheti ndiyo inayoleta wateja wengi wa probayotiki.

3. Bakteria wa spora

Spora ni kama mbegu iliyolala: bakteria amejifungia ndani ya ganda gumu akingoja mahali pazuri. Joto la Mwanza halimtishi, asidi ya tumbo anaipita. Kwa sababu ya safari tu, hawa wanapanda juu ya wengine wenye sifa kubwa zaidi.

Tafuta Bacillus clausii, mara nyingi kwenye vichupa vidogo vya plastiki vya mililita 5 vyenye spora bilioni 2, havina ladha, vinachanganywa na maji au maziwa. Kwa watoto wanaoharisha, majaribio yaliyojumlishwa yanaonyesha anafupisha kuharisha kwa saa chache. Saa chache, si siku.

Mwingine ni Bacillus coagulans, na hapa ndipo macho yafunguke. Kwenye kapsuli nyingi zinazotoka India utakuta ameandikwa "Lactobacillus sporogenes". Jina hilo ni kosa la zamani lililogoma kufa. Bakteria ni yuleyule coagulans. Ukikuta hivyo, dawa si lazima iwe mbaya, lakini aliyeandika lebo hajali sana.

4. Lactobacillus rhamnosus GG

Kama ningekuwa napanga kwa wingi wa utafiti pekee, huyu angekuwa karibu na kileleni. Amechunguzwa tangu miaka ya 1980. Siku hizi lebo mpya humwita Lacticaseibacillus, maana wanasayansi walibadilisha majina mwaka 2020. Usidhani ni kitu kingine. Nimemshusha kwa sababu ya friji. Matone ya watoto yaliyokaa nje, kwenye mtaa ambao umeme unakatika, siyaamini.

Na hata akiwa hai, usimtarajie makuu kwa mtoto anayeharisha ghafla. Mwaka 2018 yalitoka majaribio mawili makubwa, moja la Marekani na moja la Kanada, yenye watoto zaidi ya 1,800 kwa pamoja. La Marekani lilimtumia huyu GG, la Kanada lilimtumia rhamnosus mwingine akichanganywa na mwenzake. Waliopewa probayotiki hawakupona haraka kuliko waliopewa unga mtupu. Kwa mtoto wako, mpangilio ni ule wa WHO na UNICEF tangu 2004: ORS, na zinki kila siku kwa siku 10 hadi 14, huku akiendelea kunyonya na kula. ORS na zinki ni za bei ndogo kuliko kopo lolote kwenye orodha hii. Nunua hizo kwanza. Chenji ikibaki ndipo tuzungumze.

5. Makopo ya "aina 12, bilioni 50"

Namba kubwa inauza. Wengi wanaamini bilioni 50 ni bora mara tano ya bilioni 10, na si kweli. Kilichojaribiwa ni aina fulani kwa kiasi fulani, kwa tatizo fulani. Lebo nzuri inataja majina matatu: jenasi, spishi na alama ya aina yenyewe, kama lile GG au GR-1. Ikiishia "Lactobacillus acidophilus" tu, ni sawa na kuambiwa dereva wako anaitwa Juma bila jina la pili.

Angalia pia idadi imehesabiwa lini. "Wakati wa kutengenezwa" maana yake siku ya kwanza kiwandani. Unataka iliyoahidiwa "hadi mwisho wa matumizi". Kisha gawanya bei kwa siku, usiigawanye kwa kapsuli: tuseme kopo la kapsuli 30 ni shilingi 45,000 na lebo inataka mbili kwa siku, hiyo ni siku 15 tu, shilingi 3,000 kila siku, kwa mtu mmoja. Linganisha na mtindi wa nyumba nzima.

6. Pipi za jeli, na poda za kwenye status

Pipi zina sukari, watoto wanazifakamia. Poda za "kusafisha utumbo na kutoa sumu" zinazouzwa WhatsApp na shoga yako wa zamani hazina jina la bakteria, hazina tarehe, na zina ushuhuda mwingi. Tangu 2019 vyakula viko chini ya TBS, shirika la viwango, na dawa chini ya TMDA, mamlaka ya dawa. Bidhaa ambayo muuzaji hawezi kukuonyesha usajili wake popote, mrudishie na salamu.

Ya nyumbani ni machache. Usikoroge probayotiki kwenye uji wa moto. Nimemwona jirani akifanya hivyo, uji bado unachemka, akamlisha mtoto kwa imani yote. Bakteria wa Lactobacillus wapishane na antibayotiki kwa angalau saa mbili. Mtoto mchanga, hasa njiti, asipewe chochote hapa bila daktari. Maziwa ya mama peke yake miezi sita. Anayetumia ARV, au yuko kwenye matibabu ya saratani, aulize kliniki yake kwanza.

Mama mkwe? Tulimrudisha kwenye maji, mlenda, papai asubuhi na bilauri ya mtindi jioni. Na alinifundisha kipimo ambacho maabara ya nyumbani inatosha: chukua kijiko kimoja cha mtindi wa dukani, weka kwenye kikombe cha maziwa yaliyochemshwa na kupoa hadi vuguvugu, funika kwa kitambaa, acha usiku kucha. Ukigota, ulinunua kitu hai. Usijaribu hivyo na kapsuli lakini: GG, kwa mfano, hawezi kula sukari ya maziwa, kwa hiyo maziwa hayatagota hata akiwa mzima kabisa. Wa kwetu uligota kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na yeye ndiye aliyewahi jikoni kuuonja.