Kitochi cha elfu 25, baada ya wiki sita

Nilikinunua barabara ya 12, Ngamiani. Kipya, cha laini mbili. Muuzaji alitaka kunipa kingine chenye WhatsApp ndani. Nikamwambia, kaka, hiyo ndiyo ninayoikimbia.

Mimi ni fundi cherehani na si mtu wa maneno. Wateja wawili wakipiga soga kibarazani kwangu, jioni nalala mapema kama niliyetoka kulima. Simu janja nayo ilikuwa na magrupu 14: ukoo, kikoba, mtaa, kamati tatu za harusi. Nilizima tiki za bluu, kumbe kwenye grupu hazizimiki; mweka hazina anabonyeza ujumbe wake tu, anaona nani kasoma habari ya mchango akakaa kimya.

Basi, kitochi. Betri inakaa siku nne. Tochi yake kali; umeme ulipokatika nilimalizia upindo wa gauni kwa mwanga wake. Pesa natuma kwa nyota na reli kama kawaida. Kitufe cha 7 kigumu. Mlio wake, jamani, unasikika mpaka kwa muuza mihogo ng'ambo ya barabara, hata ukipunguzwa.

Na mlio ndio tatizo, kwa sababu waliokuwa wakiniandikia sasa wananipigia. Ujumbe una subira, unakungoja umalize pindo. Simu haingoji. Mama mdogo wa Pongwe alipiga mara tatu siku moja. "Mwanangu, umetususa?" Nikamwambia hapana mama, napumzika tu. "Kwani sisi tunakuchosha?" Nusu saa nzima najieleza, mimi niliyetoa elfu 25 ili nisijieleze.

Simu janja imebidi irudi, maana wateja wananitumia picha za mishono. Inakaa kwenye droo ya nyuzi, naiwasha saa 4 asubuhi na saa 11 jioni. Grupu la mtaa nimelinyamazisha moja kwa moja, za harusi wiki moja moja, la ukoo nimeliacha lilie. Mawili nimetoka. Siku hizi ukitoka haitangazwi kwa wote, anaarifiwa admini peke yake. Admini mmoja akanipigia kuuliza kulikoni. Kwenye kitochi, bila shaka.

Nakipa nyota tatu kati ya tano. Ya nne ningeitoa kwa ajili ya ile tochi, ila nimeshabandika plasta mbili juu ya spika na muuza mihogo bado ananiambia, "Fundi, unapigiwa."